Simu inasema nyuzi 6, parachichi zimeungua na baridi: nani muongo?

Swali lenyewe nimelifupisha. Dada mmoja yuko Dar, ana ekari 4 za parachichi aina ya Hass nje kidogo ya mji wa Njombe, shamba linashuka mteremko kutoka barabarani mpaka kwenye vinyungu, zile bustani za kiangazi kule bondeni kwenye unyevu. Msimamizi ni mdogo wake wa kiume. Miaka miwili mfululizo, mwezi wa saba, dogo anampigia kwamba miche ya chini imeungua na baridi, anaomba hela ya miche mingine, na yeye akiangalia simu anaona usiku ule Njombe ilikuwa nyuzi 6 au 7, wala haikukaribia sifuri. Alafu mwezi wa kumi dogo huyohuyo anapiga tena, safari hii ni miti ya juu, matunda yameungua na jua. Ametuma na picha za shamba, anauliza: "Shamba moja, huku baridi huku jua, mtaalamu hapa sipigwi kweli?"

Pole dada. Nianze na la familia kabla sijaingia kwenye miti: kwa hayo mawili dogo hajatunga, tena angeniambia mtu shamba limekaa hivyo ningemtajia mimi mwenyewe wapi pataungua na mwezi gani, bila kuona picha. Na simu nayo haijadanganya. Shida ni kwamba simu inakupa hali ya hewa ya Njombe, na miche yako haiishi Njombe, inaishi pale chini jirani na kinyungu cha watu, kimo chake hakifiki kiunoni. Usiku wa Julai hapo ni nchi nyingine kabisa.

Ile namba ya kwenye simu inatoka kwenye mahesabu ya kompyuta yanayoikata nchi vipande vya kilomita kadhaa kwa kilomita kadhaa, kilima na bonde vyote vinawekwa kapu moja, na joto linalotajwa ni la hewa iliyo kama mita 2 kutoka ardhini. Hata vituo vya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) ndo hivyohivyo, kipimajoto kinakaa ndani ya kile kiboksi cheupe cha mbao chenye matundu, kimenyanyuliwa usawa wa kifua au kichwa. Sasa usiku ambao hauna mawingu na hauna upepo, ardhi na majani yanatoa joto lake kwenda juu moja kwa moja, hakuna cha kulirudisha, na jani likishapoa linakuwa baridi kuliko hata hewa inayolizunguka. Kati ya majani ya chini kabisa na hiyo hewa ya mita 2 tofauti inaweza kufika nyuzi 3, 4, hata 5. Kwa hiyo nyuzi 6 yako ya simu tayari imeshakuwa 2 pale chini, na hapo bado hatujaongelea bonde.

Bonde ndo lenyewe. Hewa baridi ni nzito, inateremka mteremko taratibu kama uji uliomwagika, usiku mzima inashuka na kujaa chini. Mchana tumezoea kwamba ukipanda juu unakuta baridi, joto linapungua kama nyuzi 6 na kitu kwa kila mita 1,000, ndo maana we Dar unajipepea na dogo Njombe kavaa jaketi. Usiku tulivu wa kiangazi mambo yanageuka: chini ndo kwenye baridi, juu kidogo ndo kwenye joto. Niliwahi kulala kwenye gari kwenye shamba la mteremko kama lako nikiwa na vipimajoto vitatu vimefungwa kwenye vigingi, na saa 12 kasoro asubuhi nikavizungukia kwa tochi: cha chini kilisoma sifuri kasoro kidogo, cha katikati 4, cha juu karibu na barabara 3. Umbali wa kutembea dakika tano. Angalia pia kwamba cha katikati ndo kilikuwa na joto kuliko vyote, na hio sio bahati, mteremko wa katikati unakaa juu ya dimbwi la baridi lakini bado haujafika kileleni ambapo ardhi inapoa bila kinga. Mtu akiniuliza anunue kipande gani cha ardhi kwa parachichi maeneo hayo namwambia katikati ya kilima, bonde awaachie viazi na mboga, na hata viazi vyenyewe vya kwenye vinyungu si huwa mnaviona mwezi wa sita wa saba vimekuwa vyeusi asubuhi moja tu?

Sakitu (baridi ya kugandisha) ikipiga, kipindi cha kabla kidogo na baada kidogo ya jua kuchomoza ndo hatari zaidi. Mti wa Hass uliokomaa unavumilia mpaka kama nyuzi 2 chini ya sifuri kwa muda mfupi, ila mche wa mwaka mmoja na machipukizi mapya na maua havifiki huko. Na usiogope kila usiku wa baridi. Usiku wenye ukungu au mawingu hauna shida hata kama umevaa makoti mawili, mawingu ni blanketi, na usiku wenye upepo nao hewa inachanganyika, ya juu yenye joto inashuka. Wa kuogopa ni ule mzuri kabisa, nyota zimejaa, jani halitikisiki, mchana wake anga ilikuwa bluu na hewa kavu. Mfundishe dogo akuambie hiyo tu saa 2 usiku: mawingu yapo au hayapo, upepo upo au haupo. Hiyo inakusaidia kuliko app yako.

Sasa kuna kitu kwenye picha zako nilitaka nikiseme. Pale chini kabisa kabla ya vinyungu kuna mstari wa miti ya miwati imeshonana kama ukuta, na juu yake kidogo kuna mahindi makavu bado yamesimama. Hayo mahindi najua yanaachwa yakauke shambani mpaka mwezi wa sita wa saba, ni kawaida ya huko, lakini yakiwa yamekatiza mteremko ni bwawa. Baridi inashuka inafika hapo inasimama, inajaa nyuma yake, na miche yako ndo imekaa ndani ya bwawa. Miwati nayo ni hivyohivyo. Wapanda miti wa kukinga upepo wengi wanasahau kwamba ukuta unaokinga upepo wa mchana unazuia baridi ya usiku isitoke. Dawa yake sio kuikata yote, fungua mlango, yaani toa miti kiasi cha upana wa gari mbili kwenye sehemu ya chini kabisa ya mteremko, na iliyobaki pogolea matawi ya chini mpaka usawa wa kiuno cha mtu ili hewa ipite chini yake. Mahindi ya upande huo yavunwe kwanza na mabua yalazwe chini mapema, au msimu ujao weka maharage hapo.

Hutaki kuniamini? Mwambie dogo jioni moja tulivu, saa 1 usiku hivi, awashe majani mabichi kidogo kwenye sufuria kuukuu pale juu barabarani, moshi tu sio moto, na akae nao mpaka uzimike maana kiangazi kile nyasi zote ni petroli. Moshi utamuonyesha njia ya baridi, utashuka unakata kona unasimama pale penye kizuizi. Arekodi kwa simu akutumie, utaona kwa macho yako.

Mtu ataniuliza na moshi wenyewe si ndo wazee walikuwa wanachoma kufukuza sakitu. Moshi hauzuii sana joto la ardhi kutoroka, kinachosaidia ni joto la moto, na moto mmoja mkubwa ni mbaya zaidi kwa sababu unatoboa hewa na kupeleka joto lote juu kule lisikokusaidia. Vijimoto vidogo vingi ndo vina maana, na kwa ekari 4 na kijana mmoja mi sioni akiifanya hiyo kazi saa 10 alfajiri wiki tatu mfululizo.

Maji yana nguvu zaidi ila yana mtego. Udongo uliolowa mchana unabeba joto la jua na kulitoa usiku, mkavu unafanya kazi hiyo vibaya sana, kwa hiyo ukimwagilia siku moja au mbili kabla ya usiku unaouogopa umeshafanya jambo kubwa kwa bei ya maji tu. Kunyunyizia juu ya majani usiku hiyo ni habari nyingine. Maji yakiganda yanatoa joto, kama kilojuli 334 kwa kilo, ndo siri yake, lakini maji hayohayo yakikauka hewani yananyonya kama 2,500, zaidi ya mara 7. Ukianza kunyunyiza ukaishiwa dizeli katikati umeiua miche mwenyewe. Kama huna uhakika wa pampu mpaka jua limepanda, usianze.

Na hapa ndo naomba usome taratibu, maana watu wengi wanagombana bure kwenye magrupu: matandazo, zile nyasi za kufunika udongo kuzunguka mti. Umesikia kila mahali weka matandazo, weka matandazo, na ni kweli, ila sio mwezi wowote popote. Nyasi kavu ni godoro. Mwezi wa kumi godoro linazuia jua lisiukaushe udongo, safi sana. Mwezi wa saba godoro hilohilo linazuia joto la ardhini lisipande usiku kuufikia mche, kwa hiyo juu ya godoro panaganda haraka kuliko juu ya udongo mtupu ulioshindiliwa na wenye unyevu. Kwa hiyo kule chini kwako, mwishoni mwa mwezi wa tano dogo avute matandazo yasogee mbali na mche, mita moja hivi kila upande, na magugu marefu yafyekwe mpaka chini, alafu mwezi wa tisa ayarudishe. Juu barabarani ayaache mwaka mzima wala asiyaguse. Shamba moja, ratiba mbili.

Miche midogo ifunikwe na kibanda cha nyasi kama kile cha kitalu, fito nne na nyasi juu, pembeni wazi mpaka chini ili joto la ardhi liingie ndani. Nimeona watu wanazungushia mche plastiki na kuifunga shingoni kama pipi ya kijiti, sasa hapo joto la ardhini litapita wapi? Na jani linalogusa plastiki ndo linaganda la kwanza.

Tutoke kwenye baridi. Mwezi wa nane kwenda wa tisa baridi inalegea na maua yanaanza, na hapa tofauti ya juu na chini inakula hela yako bila hata jani moja kuungua, dogo hawezi kukupigia simu kwa hilo maana hakuna cha kuonyesha. Ua la parachichi linafunguka mara mbili, mara ya kwanza kama jike na kesho yake kama dume. Hass linafunguka jike asubuhi, linafunga mchana, kesho yake mchana linafunguka dume. Aina kama Fuerte ni kinyume, jike mchana na dume asubuhi ya kesho yake, ndo maana wanasema changanya aina, moja inapotoa chavua nyingine inapokea. Ratiba hiyo inataka joto la mchana kama nyuzi 20 hadi 25. Kukiwa na baridi saa zinachelewa, jike la asubuhi linafunguka mchana au jioni, mengine yanakuja kufunguka usiku kabisa, na nyuki wakiwa chini ya nyuzi 13 au 15 hawatoki mzingani. Kwa hiyo bonde lako ambalo linakaa na baridi na ukungu mpaka saa 4 litakuwa na maua mengi na matunda machache, na mwenye shamba atapulizia mbolea ya majani akidhani mti una njaa.

Mizinga msiweke chini kwenye kivuli. Iwekwe pale katikati, mlango utazame mashariki, jua la kwanza liwapige waamke mapema.

Upande shamba linapotazama nao una maneno yake. Njombe ipo kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua liko kaskazini, mteremko unaotazama kaskazini unalipata vizuri na unaotazama kusini unabaki na umande muda mrefu. Wengi hawajui kwamba Desemba inageuka, jua la mchana linapita kusini ya kichwa chako, ule mteremko wa kusini uliokuwa mnyonge unakuwa ndo unaopata zaidi. Na katikati hapo kuna siku ambazo linapita utosini kabisa, kwa latitudo ya Njombe ni kama tarehe 17 au 18 Oktoba, na tena mwisho wa Februari.

Sasa weka hiyo Oktoba vizuri kichwani. Jua lipo utosini, mvua hazijaanza (kwenu zinakuja Novemba), anga haina wingu, udongo umekauka toka Mei, hewa kavu, na upepo wa kusini mashariki bado unapiga juu kule barabarani ambako hakuna miti ya kukinga. Mti unafunga vinyweleo vyake, vile vitundu vya kwenye majani, kuokoa maji, majani yanalegea yanajikunja, na tunda lililokuwa kivulini linajikuta uchi. Tunda lililopigwa na jua moja kwa moja linaweza kuwa na joto zaidi ya hewa kwa nyuzi 10 na kuendelea, simu yako ikisema 26 ganda lake limeshapita 36. Ndo lile doa la njano linageuka kahawia alafu jeusi, na utaona liko upande wa magharibi zaidi kwa sababu jua la saa 8 saa 9 linakuta mti umeshachoka. Kwa hiyo na hapa dogo alikuwa sahihi, na tena ni jambo la kawaida kabisa kwamba miti iliyopona Julai ndo inaumia Oktoba. Ule upepo na uwazi unaoiokoa usiku wa baridi ndo unaoikausha mchana wa jua, na kule chini ambako Julai ni jehanamu, Oktoba ndo kwenye unyevu na kijani mpaka unatamani shamba lote lingekuwa hivyo.

Kwa juu basi, panda kinga ya upepo upande wa kusini mashariki, mistari isiyoshonana, upepo upite nusu na nusu uzuiwe, kwa sababu ukuta mzito unaurusha upepo juu na kuuangusha ukiwa na hasira nyuma yake. Kinga inasaidia mpaka umbali kama mara 10 ya urefu wake, miti ya mita 8 inakukingia mita 80 hivi. Mashina na matawi yaliyo wazi yapakwe chokaa au rangi ya maji nyeupe iliyozimuliwa nusu kwa nusu, mwezi wa tisa usipite. Na waambie wasipogolee mwezi wa tisa wala wa kumi, nimekuta vijana wanachonga miti kama kichwa cha mtoto anayekwenda shule, wiki mbili baadaye matawi yote yamepasuka magome.

Mvua zikishaanza joto linatulia, juu na chini vinakaribiana, mawingu yanafanya usiku usipoe sana na mchana usichome. Tatizo linahamia kwenye unyevu. Chini ya miti iliyoshonana jani linakaa limelowa kutwa, na huko ndo ugonjwa wa chule na madoa ya majani yanakoanzia, wakati juu kwenye upepo jani limekauka saa 3 asubuhi. Na pale bondeni maji yakisimama kwenye mizizi siku kadhaa kuoza mizizi kunaingia, huo ugonjwa ukishaingia hauna kwaheri. Chimba mitaro kabla ya Novemba, panda kwenye matuta, basi, hilo halina maneno mengi.

Kitu kingine kitakachokuchanganya baadaye ni kwamba ramani hii inahama kadiri miti inavyokua. Sasa hivi miche ni mifupi, jua linafika chini mchana na ardhi inapumua usiku, vichwa vya miche vipo palepale kwenye tabaka la baridi kali. Miti ikifika mita 3 au 4 majani ya juu yatakuwa yametoka kwenye dimbwi, ndo maana watu wanasema parachichi likishavuka miaka mitatu minne limepona. Ila likishonana zaidi giza linaingia, matawi ya chini yanakufa na matunda yanakimbilia kileleni, unyevu nao unakaa. Mtaanza kupogolea kufungua dirisha, na kila dirisha utakalofungua kuna tunda litaonana na jua kwa mara ya kwanza.

La miche sasa. Hela ya awamu ya tatu usiitume, sio kwa sababu ya dogo, ni kwa sababu mistari ile minne ya mwisho kule chini bondeni hata ukipanda mara kumi utazika mara kumi. Nunua vipimajoto vitatu, vile vya kuweka kumbukumbu ya chini kabisa na juu kabisa, kimoja chini, kimoja katikati, kimoja juu, usawa wa mche na sio usawa wa kichwa, vikingwe jua na sahani nyeupe juu yake. Dogo asome kila asubuhi aandike kwenye daftari, akutumie picha ya ukurasa kila Jumapili. Ukimaliza mwaka mmoja utajua mstari gani ndo mpaka wa parachichi kwako na wapi kunaanza viazi, na hamtagombana tena kwa kutumia namba za simu.

Na hiyo iliyoungua mwaka huu isikatwe wala kung'olewa kwa sasa. Mti ukiungua unaonekana umekufa wote na mara nyingi sio kweli, subirini mpaka mwezi wa kumi machipukizi yaonyeshe yalipoishia mabaya, ndo mkate hapo, kilichokufa tu, na yale majani makavu yaachwe yaning'inie yanakinga kilichobaki. Kwenye picha ya tatu naona mmoja umeshatoa kichipukizi chini. Mwambie dogo apige magoti aangalie kimetokea wapi: kikiwa juu ya pale walipobebeshea, yaani walipounga Hass kwenye shina jingine, huo mche ni mzima, autunze. Kikiwa chini ya hapo ni cha lile shina la kienyeji, Hass imeshakufa, na hicho kinaweza kubebeshwa upya kama kuna fundi karibu, bila kununua mche.